Mji Uliogawiwa Mabalozi

Ipo nchi inaitwa Itikio. Usiitafute kwenye ramani, maana aliyetumwa kuichora alifika saa ya chakula cha mchana, akakaribishwa, akala, akasinzia, akaamka akaaga. Ni nchi ya amani, na serikali yake ina sifa moja ambayo majirani wanaionea wivu: haijawahi kumkatalia mgeni. Mgeni akipiga chafya, wizara tatu zinasimama. Akikohoa, bunge linaitwa.

Basi siku moja palikuwa na karamu Ikulu, na Waziri wa Wageni, Mheshimiwa Kirumbizi, alikaa katikati ya mabalozi wawili. Kulia kwake alikuwa Bwana Cobb wa Marekani, mtu mpana, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio bonde la pili. Kushoto alikuwa Bwana Pym wa Uingereza, mwembamba, ambaye siku zote alisema kama mtu aliye na mgonjwa chumba cha ndani. Walikuwa marafiki hao. Walicheza karata kila Jumamosi, na utani ndio uliokuwa chumvi yao.

"Watu wako," Bwana Cobb alisema, "wakijikwaa kwenye kiti wanakiomba radhi."

"Na wako," Bwana Pym akajibu huku akipangusa midomo taratibu, "wanakipa kiti mkono, wanakiuliza jina, halafu wanakisimulia habari za talaka zao."

Wakacheka mpaka vijiko vikalia. Bwana Cobb akasema yeye akipewa mji mmoja tu wa Itikio, mwezi hautaisha kabla watu wake wote hawajawa Wamarekani. Bwana Pym akasema akipewa yeye, watakuwa Waingereza bila hata kujijua, na tena watamwomba msamaha kwa kuchelewa. Wakacheka tena, wakaletewa mapapai, wakasahau.

Waziri hakusahau. Yeye hakucheka hata mara moja, alikuwa anaandika. Itikio hakuna mtu anayedhani kwamba mgeni anaweza kutania. Mgeni anacheka, serikali inatekeleza.

*

Mji uliopatikana ulikuwa Magunia, kwa sababu barabara imeupasua katikati na kuugawa hakukuhitaji gharama. Walipiga mstari wa chokaa juu ya lami. Upande wa jua linakotoka ukawa Marekani, upande wa jua linakozama ukawa Uingereza. Wakaletwa Wakaguzi wa Tabia, wenye filimbi shingoni, na mkubwa wao alikuwa Bwana Mabruki Tenga, ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wa Itikio lakini alikuwa amemwona Mwingereza mmoja kwa karibu, akishuka kwenye gari.

Zahanati ya mji ilikuwa moja, imekaa mwisho wa barabara pale mstari wa chokaa ulipoishia. Ikatobolewa mlango wa pili. Bwana Mabruki akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba siku mabalozi watakapokuja kuona, upande utakaowapendeza zaidi utabaki na zahanati. Upande utakaoshindwa utapewa picha ya zahanati, kwenye fremu. Na mtu atakayeaibisha upande wake mbele ya wageni atapelekwa Kambi ya Adabu, akakae huko mpaka ajirekebishe.

Siwatu aliangukia Uingereza. Hakuchagua, nyumba ndiyo iliyokuwa huko. Alikuwa msichana wa kushona foronya, mtu wa kutazama kuliko kusema, hata shuleni, kabla hajaacha darasa la saba, mwalimu alikuwa anamwita "yule wa dirishani." Aliishi na wifi yake, Kibibi, mke wa kaka yake Shaweji. Shaweji mwenyewe hakuwepo. Alikuwa amechukuliwa na vijana wengine kwenda mji mkuu kufundishwa kucheka vichekesho vya Bwana Cobb mahali panapostahili.

Kibibi alikuwa na mimba, na mimba hiyo ndiyo iliyokuwa inamnyima Siwatu raha. Mtoto wa kwanza walimkosa. Mkunga wa zahanati, Bi Leokadia, alikuwa amewakalisha wote wawili kwenye benchi na kuwaambia bila kuzunguka: "Yule tulimkosa kwa kuchelewa. Huyu, uchungu ukianza tu, mje hapa. Msikoroge uji, msitafute viatu. Mkichelewa safari hii sitakuwa na mtoto wa kuwapa, na mama pia sina uhakika."

"Umesikia, wifi?" Siwatu alimwambia njiani.

"Nimesikia. Wewe ndiye mwenye kutafuta viatu."

*

Hakuna asiyejua kwamba tabia ya watu ni kitu rahisi kubadilika ikiwa kuna filimbi.

Upande wa Marekani, watu walitakiwa kuonyesha meno yote wakati wote, na asiye na meno aliruhusiwa kuonyesha ufizi. Walitakiwa kusema kila walichonacho ni kikubwa kuliko vyote duniani. Maji yalinywewa na barafu, hata na wenye kikohozi. Lakini lililowaumiza zaidi ni salamu. Mtu aliuliza "Habari yako?" huku anapita zake, hasubiri hata ajibiwe. Magunia, ambako salamu ilikuwa inaanzia kwa mgonjwa, ikapita kwa kuku, ikafika kwa mkwe, watu walijiona kama wanatukanwa kutwa nzima. Bi Mwanatumu, bibi wa watu, aliitwa "Mwanatumu!" kavu kavu na mjukuu wake mwenyewe. Alikaa kitako mlangoni akalia, na mkaguzi akamwandikia kosa, maana alilia bila meno kuonekana.

Upande wa Uingereza hapakuwa na kelele. Watu walipanga foleni hata kwenye kuvuka dimbwi. Chai ilikatazwa tangawizi. Mtu akikanyagwa, aliyekanyagwa ndiye aliyeomba radhi. Kukaribishana kulibaki, ila ilikuwa marufuku kumaanisha: ulisema "karibu nyumbani siku moja," na anayekaribishwa akifika kweli, wote wawili wanaandikwa. Na jambo lolote, liwe zito namna gani, halikutakiwa kusemwa zaidi ya "si mbaya sana." Nyumba ya Mzee Mbwera ilipoungua, majirani walisimama mstarini, na mmoja akatamka kwamba leo pana joto kidogo. Mzee Mbwera akawaomba radhi kwa moshi.

"Na mimi siku yangu ikifika," Kibibi alinong'ona ndani, "nitaomba radhi kwa nani?"

"Siku yako ikifika tunakwenda mbio."

"Waingereza wanakimbia?"

 Siwatu alikuwa ameshalitazama jambo hilo siku nyingi, wala hakuwa amemwona mmoja akikimbia.

*

Uchungu ukaja asubuhi ile ile ya mabalozi.

Bendera zilikuwa zimeshatundikwa. Siwatu alimshika Kibibi kiunoni, wakafika zahanati, mlango wa Uingereza, wakakuta foleni imenyooka kama uzi. Imenyooka na haisogei. Ndani, kupitia mlango uliokuwa wazi, Siwatu alimwona Bi Leokadia amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, mkaguzi kamsimamia nyuma. Hakuwa na mgonjwa hata mmoja.

"Wa kwanza!" Bi Leokadia aliita.

Wa kwanza alikuwa Mzee Mbwera, na moto ule ulikuwa umemwachia mkono wenye malengelenge. Akamgeukia mama aliyekuwa nyuma yake. "Tafadhali, tangulia wewe."

"Haiwezekani kabisa, baba. Tangulia wewe."

"Nitajisikia vibaya sana."

"Mimi zaidi."

Mkaguzi akatabasamu, akaweka alama kwenye kitabu chake. Ndivyo ilivyokuwa tangu jua lilipochomoza: wote wana adabu, hakuna aliyeingia.

Siwatu akasogea mbele. "Jamani, wifi yangu yuko kwenye uchungu."

Foleni yote ikainamisha vichwa. "Tangulieni," wakasema kwa pamoja, na Siwatu akaona wamesema kweli, kwa macho yao.

"Asanteni," akasema, akamvuta Kibibi.

Filimbi ikalia. Bwana Mabruki Tenga alikuja kwa hatua za kistaarabu, kwa kuwa alikuwa upande wa Uingereza. "Umekubali," alisema kwa masikitiko. "Dada, umekaribishwa mara moja tu, na umekubali. Mwingereza gani huyo? Rudini mwisho."

Wakarudi mwisho. Kibibi aliegemea ukuta, jasho linamtiririka kidevuni. Hapo hapo maji yakamshuka, yakalowesha vumbi mpaka kwenye viatu vya aliyekuwa mbele yake. Mtu huyo akatazama chini, akamtazama mkaguzi.

"Naona mvua imenyesha kidogo," alisema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka.

Bwana Mabruki akafurahi. Akamsogelea Kibibi na kalamu. "Hali yako, mama?"

Siwatu akaona nyuso zote za foleni zimegeuka. Kwa macho tu walikuwa wanamwomba Kibibi asiwaaibishe. Walikuwa na watoto wao, na wazee wao, na hapakuwa na zahanati nyingine mpaka mji wa pili. Kibibi naye aliziona zile nyuso.

"Si mbaya sana," alisema.

"Safi kabisa," Bwana Mabruki alisema, akaandika: *Aje kesho.*

*

"Tunavuka," Siwatu alimnong'oneza.

"Kwenda wapi?"

"Marekani. Tabasamu."

Ukiwa na meno nje hakuna aliyekuzuia kwenye mstari wa chokaa. Kibibi alivuka huku meno yake yote yako nje na machozi yanapita juu yake. Mkaguzi wa ng'ambo akampongeza.

Mlango wa Marekani haukuwa na foleni hata kidogo. Palikuwa na jukwaa dogo la makreti, na mgonjwa alipanda kujieleza, na aliyepigiwa makofi zaidi ndiye aliyeingia. Alikuwa juu kijana mwenye mwiba kisiginoni.

"Mwiba huu," alikuwa akipiga kelele, "haujapata kuonekana! Miba yote ya dunia hii ni sindano tu mbele yake! Nilianza na mwiba mdogo, nikaamini, na leo tazameni nilipofika!"

Makofi yakapasuka. Akafuata Bi Mafunda, muuza dagaa, shavu limevimba kama andazi. "Jino langu ni bingwa!" alinguruma. "Meno mengine yanaumwa, la kwangu linashinda! Ninalipenda! Linanipenda!"

Siwatu alimpandisha Kibibi, yeye akasimama naye. Watu wakasubiri.

"Anajifungua," Siwatu alisema.

"Sauti!" mkaguzi alipaza. "Furaha! Watu wote wamezaliwa, dada, hata mimi. Sasa hii ya kwenu ina nini cha pekee?"

Siwatu akafungua mdomo. Maneno makubwa hakuwa nayo, hakuwahi kuyahitaji. "Mtoto wa kwanza alikufa," alisema. "Huyu naye atakufa."

Mkaguzi akakunja uso. "Hapana, hapana. Hiyo inahuzunisha. Shukeni, mkaitengeneze kidogo."

Wakashuka. Na pale pale honi zikalia, magari ya wageni yakaingia, Bwana Mabruki akaja akikimbia kutoka Uingereza, akakumbuka, akaendelea kwa kutembea.

*

Mheshimiwa Kirumbizi alisimama juu ya zulia lililotandikwa kwenye lami, mabalozi kila mmoja upande wake.

"Wageni wetu watukufu," alianza, "mlisema, na sisi tukasikia. Mlitamani, na sisi tukawa. Nchi nyingine zinawapa wageni maua. Sisi tumewapa watu. Pale mnaona Waingereza, wamenyooka. Hapa mnaona Wamarekani, wanang'aa. Tumefanya utafiti wa kina, tumeunda kamati, kamati imeunda kamati..."

"Foleni yangu hiyo, itazame," Bwana Pym alimnong'oneza mwenzake, na masikio yake yalikuwa yamewiva kwa raha. "Hata London siku hizi huipati."

"Na meno yangu yale?" Bwana Cobb akamjibu. "Umeleta miwani ya jua?"

Hawakuwa wamemwona Kibibi. Alikuwa amepiga magoti katikati ya barabara, juu ya chokaa, nusu Marekani nusu Uingereza, maana kuvuka tena hakuweza.

"Wifi," alisema kwa meno yaliyofungwa. "Anakuja. Anakuja sasa hivi."

Siwatu alitazama mlango wa kulia, akatazama wa kushoto. Alitazama filimbi. Halafu akafanya kitu ambacho Magunia kilikuwepo kabla ya mabalozi wote, na ambacho wakaguzi hawakukiandikia sheria kwa sababu hawakufikiri kina uhusiano na wageni: alivua kanga yake ya juu, akaishika pembe mbili, akaitanua. Mwanamke akishikwa na uchungu njiani, wanawake wanamzungushia kanga. Haulizwi ni mke wa nani, haulizwi anakwenda wapi. Na wanaume wanageuka.

Lakini mtu mmoja na kanga moja hawawezi kuzunguka. Alisimama vile, mikono imepanuka, amefunika upande mmoja tu, na pande tatu zilizobaki dunia nzima inaona.

Hakuna aliyesogea. Aliwaona wanawake wa foleni wameshika kanga zao vifuani. Aliwaona wa makreti, meno bado nje kwa kusahau. Kila mmoja alikuwa anaitazama zahanati, kisha Kambi ya Adabu anaiona kichwani. Bwana Mabruki akatia filimbi mdomoni. Waziri alikuwa amefika kwenye kamati ya tatu. Kibibi akatoa mlio ambao haukuwa wa Kiingereza wala wa Kimarekani. Siwatu hakuishusha mikono yake.

"Nipishe nishike hapa, mwanangu."

Alikuwa Bi Mafunda, mwenye jino. Alikuwa ameshavua yake, na uso wake hauna tabasamu hata kidogo. Akashika pembe, akafunika upande wa pili. Kutoka foleni yule mama wa "mimi zaidi" akatoka bila kumwomba mtu radhi. Akaja Bi Mwanatumu akichechemea. Kisha hukuweza kujua nani katoka wapi, ukuta wa kanga ukafunga. Filimbi zililia pande zote mbili kwa mpigo, wala hazikuzuia kitu.

Bi Leokadia hakutumia mlango. Milango ilikuwa na taratibu zake. Alipita dirishani, sketi imepandishwa, mkoba kwenye meno.

"Geukeni!" wanawake walipiga kelele. "Wanaume wote geukeni!"

Wanaume wa Magunia wakageuka. Wakaguzi wakageuka bila kutaka, mama zao walikuwa wamewalea hivyo. Mabalozi wakabaki wanakodoa.

"Wewe mnene na huyo mwembamba wako!" Bi Mwanatumu alisema kutoka kwenye ukuta. "Hamna mama ninyi? Geukeni!"

Wakageuka.

"Kuna nini?" Bwana Pym akauliza.

"Ni mama tu anajifungua, Mheshimiwa," Bwana Mabruki alisema. "Alikuwa kwenye foleni yako, akasema si mbaya sana. Alifaulu vizuri."

Hapo ndipo watu wa Magunia walipomsikia Bwana Pym, ambaye husema kama kuna mgonjwa ndani, akipiga kelele mpaka kunguru wakaruka kutoka kwenye mabati: kwa nini hakuingizwa, mmerogwa, ni mwehu gani aliyeamuru! Na Bwana Cobb, ambaye sauti yake haikuwahi kukosekana, alikuwa anatikisa midomo tu. Ilipotoka, ilikuwa ndogo.

"Mheshimiwa Waziri," alisema, "tulikuwa tunatania."

"Naam," Waziri alisema kwa furaha. "Na utekelezaji wake ndio huu."

*

Ndani ya kanga hapakuwa na Waziri. Palikuwa na lami, na kanga ya Kibibi iliyotandikwa, na mikono ya Bi Leokadia.

"Sukuma. Usininyamazie, piga kelele unavyotaka. Sukuma, mama!"

Mtoto akatoka. Siwatu alimwona: wa kiume, rangi ya zambarau, kitovu kimemzunguka shingoni. Bi Leokadia akakifungua. Mtoto hakulia.

Ukimya ukapita juu ya kanga, ukafika nje. Waziri alitega sikio, mgongo umegeuzwa kama wengine.

"Amezaliwa?" aliuliza. "Mbona hasikiki?" Kisha uso ukamng'aa. "Ametulia! Mnaona? Hajasumbua mtu. Mwingereza wa kuzaliwa huyo! Bwana Mabruki, andika: Uingereza!" Akaanza kupiga makofi, taratibu, kwa ncha za vidole, kama alivyofundishwa, na maofisa wake wakamfuata.

Bwana Pym alijifunika uso kwa mikono.

Bi Leokadia alimgeuza mtoto, akamsugua mgongo, akamfyonza puani, akatema chini, akampulizia. Akamsugua tena. Bi Mafunda alikuwa anasema kitu chini chini, hakuna aliyekisikia vizuri. Siwatu hakuwa na mkono wa kusaidia, alikuwa ameshika ukuta. Alichoweza ni kutazama, na alitazama kifua kile kidogo kana kwamba macho yanaweza kukiinua. Nje makofi yanaendelea.

Kifua kikashtuka. Mtoto akakohoa, akajikunja, akalia. Kilikuwa kilio cha hasira, cha mtu aliyesubirishwa mno.

"Marekani!" Waziri akapaza sauti. "Futa, Bwana Mabruki! Sikieni sauti hiyo! Marekani!" Na sasa akapiga makofi ya viganja vizima, na maofisa wakapiga, na mmoja akarusha kofia.

Siwatu akamwinamia Kibibi. Alikuwa amelala macho yamefumbwa, midomo mikavu, na kwa muda ule mfupi Siwatu alimwona kama amekwenda.

"Wifi. Kibibi. Wifi yangu."

Jicho moja likafunguka. "Kanga yangu ya Idi hiyo," Kibibi alisema, "ndiyo mmeitandika kwenye lami?"

Wanawake wakaangua kicheko na kilio kwa pamoja. Bi Leokadia akamweka mtoto kifuani kwake, akamfunika.

Nje, Waziri alikuwa anakohoa kikohozi cha serikali. "Akina mama, mtoto aletwe mbele. Wageni watukufu wamwone, watamke wenyewe ni wa nani, ili tujue nani kashinda. Haraka kidogo, ratiba imebana."

"Nani huyo?" Kibibi aliuliza.

"Waziri. Yuko na wageni wake."

Kibibi alimtazama mtoto, alivyokuwa anatafuta ziwa kwa mdomo. "Waambie mtoto hatolewi nje kabla ya siku ya saba. Waje siku hiyo, karibu nyumbani, na wasije mikono mitupu."

Siwatu, yule wa dirishani, akainuka juu ya ukuta wa kanga, akayasema hayo yote, neno kwa neno, kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa foleni. Mabalozi wawili, migongo bado imegeuka, walijibu kwa pamoja kwamba watakuja.

"Na huyo anayepiga makofi," Kibibi aliongeza kutoka chini, "mwambie anamshtua mtoto."

Siwatu akamwambia.